Nilivyopata Masikio ya Watu Nisiowajua

Natengeneza muziki chumbani kwangu Kisauni, Mombasa: laptopu, maikrofoni moja, gitaa, na godoro nililolisimamisha ukutani kupunguza mwangwi. Sina meneja wala lebo. Walionisaidia ni wanamuziki wenzangu wa mtandaoni, ila si kwa namna wengi wanavyodhani.

Magrupu yetu ya WhatsApp na Telegram yamejaa linki. Kila mtu anamwaga yake na kuondoka; ni kama stendi iliyojaa makanga bila abiria. Kwa hiyo kabla sijapandisha chochote nilikaa SoundCloud, mtandao wa kupandisha na kusikiliza muziki, nikisikiliza kazi za wenzangu na kuwaachia maoni. Uzuri wa SoundCloud ni kwamba maoni hubandikwa kwenye sekunde yenyewe ya wimbo. Huna haja ya kuandika "noma sana" ukapita. Waandika pale pale 1:42 kwamba ngoma zinafunika sauti, au kiitikio kinapoingia, kwamba gitaa limechelewa. Mtu akisikilizwa hivyo hutaka kujua wewe ni nani. Wengi walikuja kusikiliza zangu, na hawakunionea haya.

Prodyuza mmoja wa Kampala aliniambia wimbo wangu hauna besi. Hauna vipi, na kwenye hedifoni yanitetemesha masikio? Akanijibu niucheze kwa spika ya simu, maana ndiyo wanayotumia wasikilizaji wetu. Kweli, kimya! Spika ndogo kama ile haiwezi kutoa sauti nzito. Noti ya hezi 50 hupotea yote. Dawa aliyonipa naitumia hadi leo: nakili treki ya besi (rekodi ya besi peke yake), ikwaruze kidogo kwa distoshini ili izae sauti za juu yake, kata zote za chini kwenye nakala hiyo, kisha ichanganye kwa mbali na ile ya asili. Sikio likizipata zile za juu hujijazia lenyewe noti ya chini. Nimelipia mafunzo ya miksi yasiyonifundisha hata robo ya hilo.

Tukizoeana, tunaanza kufanya kazi pamoja, na hapo bando linaumia. Dakika moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kawaida ya stereo ni kama MB 10, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye treki 20 unafika MB 800. Sisi hutumiana kwanza MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo kwa dakika ni MB 1 tu hivi. Tukielewana, mpiga kinanda anarekodi upande wake na kuleta WAV ya treki hiyo moja. Sharti letu: kila treki ianzie sekunde sifuri, hata kama mtu anaingia kiitikioni. Bila hivyo utahangaika usiku kucha kuipanga.

Pesa je? Wanamuziki wenzako hawanunui muziki wako, nao pia wanauza. Nasema bila kinyongo. Wanunuzi wangu nimewapata Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako msikilizaji anaruhusiwa kulipa zaidi ya bei uliyoweka, na wapo wanaofanya hivyo. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, isipokuwa kwenye zile Ijumaa maalumu, Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020, corona ilipofunga kumbi. Siku hizo wanaliachia fungu lao. Kazi mpya naziwekea siku hizo. Malipo hupitia PayPal, na kwa sisi wa Kenya tangu 2018 yanavutwa hadi M-Pesa.

Kabla ya kuuza tunaandikiana mgawo wa pesa kwenye grupu, kila mtu anajibu "nimekubali", ndipo wimbo unatoka. Huu tulio nao sasa una watu watatu. Miksi imekamilika, picha ya jalada ipo tayari, ila mwimbaji anataka nusu na mpiga kinanda amegoma kujibu.