Usimwambie tineja ati hii ndo miaka yake bora

Hii maneno ya "enjoi saa hii, maisha hayatawai kuwa matamu hivi tena" nimechoka kuisikia ikiambiwa watoto wa miaka 15. Inasemwa kwa harusi, inasemwa kwa matanga, mjomba anasema, jirani anasema, hata makanga akiona yunifomu anasema. Najua wengi wanaosema wanawapenda hao watoto. Lakini mimi nimekuwa tineja hapa hapa Nairobi, Buruburu wakati wa likizo na bodingi miezi ile ingine, saa hii nalipa rent na tokeni za stima na kuna karo ya watu nasaidia, na bado siwezi kubadilisha maisha yangu ya leo na ya wakati ule hata unilipe.

Miaka hiyo inakumbukwa sana, hilo sikatai. Wanasaikolojia wanaochunguza kumbukumbu wameliona hili tena na tena, ukimwuliza mtu wa miaka 50 au 60 akusimulie maisha yake, vitu vingi anavyotaja vinarundikana kati ya miaka kama 10 na 30, na sababu moja ni kwamba huko ndo vitu vingi vilimpata mara ya kwanza. Mimi siku ya kwanza kupanda matatu namba 58 peke yangu mpaka tao, muziki wa genge umewekwa kwa sauti mpaka kiti kinatetemeka, naweza kukuonyesha ni dirisha gani nilikalia. Wiki iliyopita nimepanda matatu kila siku na hakuna hata moja nakumbuka. Sasa hiyo haimaanishi wiki iliyopita ilikuwa mbaya, ilikuwa wiki nzuri sana, ni vile tu hakukuwa na kitu kipya cha kushika kichwani.

Lakini kama tunakumbuka basi tukumbuke yote. Kengele ya saa kumi na nusu alfajiri, baridi, prepu, macho yanajifunga juu ya kitabu cha bayolojia alafu mtu anakuamsha na kofi la mgongo. Mwili wa tineja haufuati hiyo ratiba, mtu akibalehe ile homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka usiku zaidi, ndo maana hashikwi na usingizi mapema hata umlazimishe, na bado anahitaji masaa 8 hadi 10. Sisi hatukuwa tunafika hapo hata karibu, alafu tunaitwa wavivu. Kiboko kilipigwa marufuku mashuleni 2001, mimi nimeingia Fomu Wani baada ya hapo na nimechapwa. Kutumwa nyumbani karo, hapo sasa, unapanda basi ukijua vizuri sana nyumbani hakuna kitu, unafika, mama anakuona getini na kabla hata hamjasalimiana anajua ni nini, na wewe unaanza kuomba msamaha kwa kitu hukufanya.

Na wasichana tuzungumze ukweli. Sheria ya serikali kupea wasichana wa shule pedi za bure ilikuja 2017, mimi nilikuwa nimemaliza kitambo. Sisi tuligawana, moja moja, na zikiisha tulikata shuka kuukuu, wengine walikaa bwenini wakisema ni tumbo na wakakosa masomo, na hakuna mtu mzima aliuliza mbona tumbo inauma kila mwezi. Nikisikia mwanaume wa miaka 45 akimwambia binti wa shule ati hana shida yoyote duniani, hii ndo kitu inakuja kwa akili yangu.

Juu ya hayo yote kuna mtihani. KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, wa wiki chache, chini ya C+ hauingii digrii moja kwa moja, na hilo unalibeba kichwani tangu Fomu Wani. Mwaka wa 2015 A zilikuwa zaidi ya 2,600, mwaka uliofuata serikali ikakaza kamba kuhusu wizi wa mtihani na zikawa 141. Mimi naunga mkono wizi kuzuiwa, lakini jaribu kuwa na miaka 17 ndani ya huo mwaka, hukuiba kitu, matokeo yanatangazwa Disemba mwaka hata haujaisha, na familia nzima inakuangalia wewe.

Kitu ambacho kilikuwa kitamu, na hiki nakitetea mpaka kesho, ni marafiki. Kulala wawili kwa kitanda kimoja cha deka baridi ikizidi. Siku ya kutembelewa, chapati za mama wa mtu mmoja zinaliwa na watu tisa na hakuna anayehesabu. Barua za kwenda shule ya wavulana, zimepuliziwa pafyumu, chini kuna dedikesheni za nyimbo, na bweni lote limesaidia kuandika. Fanki, zile siku za kukutana na shule zingine. Sakses kadi za kutakiwa heri ya mtihani mwezi wa kumi, unazipanga juu ya sanduku, unajua nani alikukumbuka. Nimeishi Nairobi miaka mingi kama mtu mzima na urafiki wa hivo haupatikani rahisi, sisi saa hii tunaonana kwa harambee ya hospitali ama matanga, tunaambiana "lazima tupange" alafu kila mtu anakimbilia matatu kabla nauli ipande. Nafikiri hiki ndo watu wazima wanalilia. Hawataki kurudi kuwa na miaka 16, wanataka mtu wa kuongea naye taa zikizimwa. Na hicho unaweza kukitafuta hata leo, piga simu.

Binti ya dada yangu ako Gredi 10, darasa la kwanza kabisa la mtaala mpya kuingia sekondari ya juu, Januari hii ya 2026. Hawana mtu mbele yao. Sisi tulirithi noti, tulirithi pasti pepa za miaka kumi nyuma, tuliambiwa huyu mwalimu hutega swali gani. Yeye hana wa kumuuliza, na ashachagua STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, akiwa bado mdogo hivo, na anaogopa kwamba amechagua vibaya. Jamaa mmoja wa familia akamwambia hiyo maneno ya enjoi. Baadaye tukiosha vyombo akaniuliza, "Anti, kama hii ndo bora, sasa huko mbele kuko aje?"

Hakuwa anacheza. Mtoto ambaye hayuko sawa ukimwambia hapa ndo kileleni, umemwambia kuanzia hapa ni kushuka.

Nikamwambia ukweli wangu. Kwamba nilipata bedsita yangu ya kwanza Umoja, chumba kimoja tu, ndogo, maji siku tatu kwa wiki, na usiku wa kwanza nilisonga ugali saa tano usiku kwa sababu nilisikia njaa na hakuna mtu wa kuomba ruhusa. Kwamba Jumamosi nililala mpaka nikaamka mwenyewe. Kwamba kazi ninayopenda nimeipata nikiwa na miaka 31 na haina uhusiano na mitihani niliyolia nayo. Aliuliza maswali mengi sana, ya pesa, ya wanaume, ya kama mtu huacha kuogopa, na hilo la mwisho nilimjibu kwamba unapungua woga wa watu, ule mwingine bado niko nao.

Likizo ijayo atakuja kwangu wiki nzima. Nimeita wale wasichana wa bweni letu walioko Nairobi, mmoja alipata D+ na leo ana saluni na wafanyakazi wanne, mwingine ni nesi, mwingine amerudi chuo na watoto watatu. Watamwambia wenyewe ilikuwaje. Asubuhi hakuna mtu kumuamsha.