Mistari iliyokataa kukutana

Majuma matatu mchoro mmoja ulininyima usingizi. Nilikuwa namalizia kazi yangu ya fizikia hapa Lubumbashi, kuhusu elektroni zilizofungiwa ndani ya nukta za kwanta, yaani vipande vya kristali vidogo mno ambamo elektroni haina pa kukimbilia. Katika waya wa shaba, hii hii tunayochimba kwetu, elektroni huru hazihesabiki. Katika nukta unaziingiza moja moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nilitumia hesabu ya mwanafizikia Mrusi Fock ya 1928. Elektroni unaiwaza kama goroli ndani ya bakuli. Pasipo sumaku, ngazi za nishati zinapangana kwa nafasi sawa: ya chini inabeba elektroni 2, inayofuata 4, ya tatu 6. Ndiyo sababu nukta inatulia zaidi ikiwa na elektroni 2, 6 au 12. Ukileta uga sumaku, ngazi zinapasuka. Elektroni inayozunguka upande mmoja inashuka nishati, ya upande mwingine inapanda. Katika mchoro wangu kila ngazi ni mstari unaoonyesha nishati yake kadiri uga unavyoongezeka. Mwishowe mstari unaopanda kutoka ngazi ya pili unakutana na ule unaoshuka kutoka ya tatu. Mwanafizikia Mjapani Tarucha na wenzake walilipima jambo hilo na kulichapisha 1996: elektroni ya tano na ya sita, zinazokaa kwenye mstari unaopanda, zilihamia ule unaoshuka karibu na tesla 1.3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga sumaku).

Mistari yangu haikukutana. Nilipeleka uga hadi tesla 5, ikaachana kidogo tu, kama nyufa za nywele. Nikakagua fomula, nikaandika programu upya, mara mbili usiku, umeme uliporudi. Jibu lilikuwa lile lile.

Aliyenifungua ni mdogo wangu wa masomo, anayekuja kwetu Katuba kusoma nami. Nilikuwa namweleza mchoro nyuma ya daftari, akauliza: «Yaya, hii elektroni iko hewani ao iko ndani ya jiwe?»

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeweka masi ya elektroni iliyo peke yake, katika ombwe. Lakini yangu ilikuwa ndani ya galiamu asenidi, kristali ya nukta yangu, na humo atomi za kristali zinaifanya iitikie kama yenye masi 0.067 tu ya ile ya kawaida. Kilicho chepesi kinazungushwa kwa urahisi: uga ule ule unaizungusha kwa kasi mara 15 hivi. Kwa tesla 1, nishati ya mzunguko huo ikatoka meV 0.116 ikawa meV 1.73 (meV, milielektronivolti, ni kipimo kidogo cha nishati). Nikabadilisha namba moja, bakuli, yaani nafasi kati ya ngazi pasipo sumaku, nikaliacha kwenye meV 3 kama la Tarucha, na mistari ikakutana kwenye tesla 1.2. Mdogo wangu alipiga makofi kabla yangu.

Tangu hapo nimezipenda nukta hizi kwa dhati. Ili uga sumaku ushindane na mvuto wa kiini cha haidrojeni, ungehitaji tesla laki kadhaa, na hakuna maabara yenye sumaku ya namna hiyo. Nukta ni pana kuliko atomi na elektroni yake ni nyepesi, kwa hiyo tesla chache zinatosha kuonyesha yale ambayo atomi inatuficha.

Spini, ile sifa inayoifanya elektroni yenyewe iwe kama sumaku ndogo, niliichorea ukurasa wake. Kwa tesla 1 inatenganisha ngazi kwa meV 0.025 tu, na kwenye mchoro mkubwa ingemezwa na unene wa mstari.