Mswada wa 2007 dhidi ya hataza za jeni
Wanaodhani mswada namba 977 ungefuta hataza zote (haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi) za jeni za binadamu Marekani wausome tena. Wabunge Xavier Becerra na Dave Weldon waliuwasilisha Februari 2007. Ulikataza hataza mpya juu ya mfuatano wa jeni, kazi zake na uhusiano wake na magonjwa, lakini haukugusa zilizokwisha kutolewa. Hapo ndipo ulipopwaya: jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazohusishwa na saratani ya matiti na ya ovari, tayari zilikuwa na mwenyewe, kipimo chake kikazidi dola 3,000, na mgonjwa hakupata maabara nyingine ya kuhakiki majibu! Inauma. Mswada ulifia kwenye kamati. Mahakama ya Juu ndiyo iliyoamua, 13 Juni 2013: DNA iliyotengwa tu kutoka mwilini haipewi hataza, lakini cDNA, nakala ya DNA inayotengenezwa maabara, yaweza kupewa.