Ukiniona Jumamosi hujaniona

Mama mdogo hachoki kunishauri: "Nyanyuka mwanangu, tembeatembea, mwili umezoea kulala." Ananipenda, na ushauri huo unamfaa mwenye presha au sukari. Mimi nina ugonjwa wa uchovu sugu, na kwangu ushauri huo ndio unaonilaza kitandani.

Balaa ni kwamba adhabu ya kujichosha haiji papo hapo. Jumamosi iliyopita nilifua mashuka, nikaanika, nikapika wali, wageni wakanikuta nacheka. "Mbona umeshapona!" Jumapili nikajikongoja. Jumatatu ndipo ikaja yenyewe: koo linawasha, tezi za shingo zinauma, miguu mizito, mwanga wa dirishani unachoma macho, na ujumbe mfupi wa simu nausoma na kuurudia bila kuambulia kitu. Mara nyingi hali huanza saa 12 hadi 48 baada ya kujichosha, na yaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki. Wageni wa Jumamosi, bila shaka, walikuwa wameshakwenda zao.

Wanaosema ni uvivu ningewapeleka maabara. Mgonjwa hupandishwa baiskeli, kavalishwa barakoa inayopima hewa anayovuta na kutoa, akanyage mpaka ashindwe; kesho yake anarudishwa. Mtu asiye na ugonjwa huu, hata kama hana mazoezi kabisa, siku ya pili hutoa karibu matokeo yaleyale. Wengi wetu tunashuka.

Mwaka 2007 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilipendekeza wagonjwa wenye hali nafuu au ya wastani waongezewe mazoezi hatua kwa hatua. Pendekezo hilo liliondolewa 2021. Miaka 14! Nawafikiria waliojikaza wakidhani kasoro ni yao.

Siku hizi naenda kwa kipimo. Naoga nimekaa kwenye kigoda, viazi namenya nimekaa, nguo nafua chache chache. Saa ya mkononi inanionyesha mapigo ya moyo. Yakipanda nakaa hapo hapo, hata kwenye ngazi, wenye haraka wapite. Kigumu hasa ni kuacha kazi katikati wakati bado najisikia mzima. Sufuria nusu imesuguliwa, nami naiacha.

Mwezi ujao kuna harusi ya binamu yangu. Nitakwenda, na nikiweza nitacheza wimbo mmoja. Siku mbili kabla yake nyumbani kwangu hakupikwi, na wiki nzima baada yake msinitafute.