Azeem Hakuwamo

Ukiishi Nottingham, Uingereza, Robin Hood humkwepi, yule jambazi wa hadithi za kale anayeibia matajiri awape maskini. Sanamu yake ya shaba imesimama nje ya ukuta wa ngome tangu 1952, upinde umevutwa, na hata njia ya treni ya kwenda Worksop imepewa jina lake. Kwa hiyo Desemba, televisheni iliporusha tena Robin Hood: Prince of Thieves ya mwaka 1991, sebule ya nyumba ya wazee ninakobeba boksi ilijaa mapema. Kubeba boksi nasema kwa mazoea tu. Kazi yenyewe ni kuogesha, kulisha, kugawa dawa na kusikiliza.

Picha hii naijua tangu Tanga, kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi huku mtafsiri akimpa Azeem lafudhi ya Kipemba. Steringi alikuwa Kevin Costner, sawa, lakini mtu wetu alikuwa Morgan Freeman: Mwislamu mweusi aliyetoroka gerezani Yerusalemu pamoja na Robin, akaapa kuandamana naye mpaka alipe deni la kuokolewa maisha. Na ule wimbo wa Bryan Adams, uliokaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo, ulipigwa kwenye harusi za mjini kwetu mpaka kanda zikachakaa.

Hapa niliketi karibu na mzee mmoja, mchimba makaa mstaafu, mzaliwa wa vijiji vya kandokando ya msitu wa Sherwood. Yeye huanza kucheka mapema sana. Robin anashuka pwani ya kusini, kwenye majabali meupe, anamwambia Azeem kwamba usiku uleule watakuwa kwa baba yake wakisherehekea, halafu mara tunawaona kwenye Ukuta wa Hadrian, ule wa enzi za Warumi, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa Nottingham. Ni kama mtu ashuke Dar, aahidi kulala Dodoma, kisha umkute anakatiza Mwanza. "Kwa miguu!" mzee akapiga paja. Ila mti wa pale, ule wa Sycamore Gap, ulipotokea, kicheko kilikatika. Watu wawili waliukata usiku mmoja wa Septemba 2023, na mwaka 2025 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka minne. Mzee anaona ni kidogo.

Sehemu iliyonigusa mimi kibandani hatukuijali kabisa: Azeem anataka kuswali, mbingu zimefunga, anauliza mashariki ni wapi na kulalamika kama nchi hii haina jua. Kaka, subiri Desemba! Jua likichomoza linachomoza kwa kusitasita, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinakuangukia ndani ya zamu moja. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini, humwulizi mtu. Hapa nageukia kusini-mashariki, kona ya stoo ya taulo, na aliyenionyesha ni simu.

Halafu kuna yule mtoto anayemwuliza Azeem kama Mungu ndiye aliyempaka rangi. Mjukuu wa mkazi mmoja aliwahi kuniuliza karibu hivyohivyo, mama yake akawa mwekundu kama nyanya. Jibu la Azeem, kwamba Mungu anapenda viumbe vya namna namna, ningekuwa nalo karibu siku ile ningelitumia.

Nilichokuja kujua baadaye, maana ukiishi mji huu unaishia kusoma habari zake, ni kwamba Azeem kwenye hadithi ya asili hakuwamo. Tenzi za zamani, kama A Gest of Robyn Hode iliyochapwa karibu na mwaka 1500, hazina Mwislamu yeyote. Tena hazina hata Marian, mpenzi wa Robin, na mfalme wake ni Edward, si Richard wa kwenye picha. Mwislamu aliingia kwa mlango wa televisheni: mwaka 1984, kwenye tamthilia ya Robin of Sherwood, aliwekwa mtu aitwaye Nasir, auawe sehemu ya kwanza na yaishe. Watengenezaji wakampenda, wakamwacha hai. Waandishi wa ile picha ya 1991 walidhani Nasir ni wa kale kama Little John, lile jitu swahiba wa Robin, wakamweka kwenye mswada wao. Walipogundua ni mali ya wenzao, wakambadili jina kuwa Azeem. Tangu hapo amekuwa akirudi. Ya mwaka 2018 ilimleta Jamie Foxx kama Yahya.

Wale tuliokuja kwa viza ya muda mfupi, "mwaka mmoja tu nirudi nijenge", na sasa tuna watoto wanaoongea kwa lafudhi ya huku, tunamwelewa Nasir vizuri kabisa.

Basi nikamweleza mzee wakati wa tangazo. Akanitazama kama nimemtukana marehemu bibi yake. Azeem alikuwepo, akasema, anamjua tangu shuleni. Nikamkumbusha kwamba shule alimaliza kabla Nasir hajatungwa. Hakuyumba. Akanyoosha kidole kwenye televisheni, pale Azeem alipompasua mama aliyeshindwa kujifungua, mtoto akatoka salama.

"Kama hakuwamo," akaniuliza, "nani alimzalisha mke wa Little John?"