Paka wangu muoga alivyopata nyumba baada ya mi kuacha kumsifia

Naandika hii kwa yule ambae saa hizi ana paka mtoto ndani, wa kumlea kwa muda tu, na paka mwenyewe hataki hata kuonekana, na kila anaekuja kumwangalia anaondoka anasema tutakupigia. Mi nilikaa kwenye hiyo hali miezi mitatu. Sehemu kubwa ya huo muda niliipoteza mwenyewe, ndo maana naisimulia.

Najitolea kwenye kituo cha kuokoa wanyama, kazi yangu ni kusafisha keji na kubadilisha maji, sio kazi ya sifa. Nukta aliletwa akiwa na wiki 10 hivi, daktari alikadiria kwa meno na uzito, kaokotwa mtaroni peke yake. Kijivu, tumbo jeupe, na nukta moja nyeusi puani kama mtu kamgusa na kalamu. Wakamweka keji ya chini, upande wa pili wa ukuta kuna mbwa wanabweka kutwa. Sa unajua alikua analala wapi? Ndani ya trei ya mchanga wa choo. Nilimwekea taulo nzuri, laini, hakuigusa. Trei ndo ilikua kitu pekee chenye kuta nne kwenye ile keji, kwahiyo akajibana humo humo kwenye mavi yake, uso ameuelekeza kwenye kona, anafikiri asipotuona na sisi hatumuoni.

Na wageni wakija kuchagua paka wanakwenda na yule anaekuja mbele anasugua kichwa kwenye nondo. Siwalaumu hata mimi ningefanya hivohivo. Ila yule wa kwenye kona anabaki, akibaki anazidi kuogopa, akizidi kuogopa mwili unachoka anaanza kupiga chafya, macho yanatoa machozi, mafua ya paka yanapenda sana mnyama mwenye stresi. Wiki ya kwanza tu Nukta alishaanza chafya. Nikasaini fomu ya kumlea kwa muda nikaondoka nae kwenye kreti nimeifunika khanga, njia nzima hakutoa sauti.

Kitu ambacho watu wengi hawajui, na mi sikujua: paka anajifunza kwamba binadamu ni kiumbe cha kawaida mapema sana, kuanzia kama wiki ya 2 mpaka ya 7 hivi. Akishikwashikwa na watu kipindi hicho anakua amezoea. Kikimpita bila kuona mtu, haimaanishi basi imeshindikana, ila inabidi umfundishe taratibu kitu ambacho wenzake wamekipata bure. Nukta hakua paka pori, maana paka pori hasa akishakua mkubwa ni habari nyingine kabisa. Yeye alikua mtoto aliechelewa darasa.

Nikampa chumba kidogo cha stoo. Sio nyumba nzima, ukimpa muoga nyumba nzima umempa sehemu mia za kupotelea. Boksi la kadibodi limetobolewa tundu mbili, choo kona moja, chakula kona nyingine mbali na choo, basi. Jioni naingia nakaa sakafuni, simwangalii, nasoma vitu vyangu kwenye simu kwa sauti ya chini. Kumkodolea paka macho ni kama kumtafuta ugomvi. Ukiona anakuangalia we fumba macho taratibu, fumbua taratibu, kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex huko Uingereza walilipima hili, 2020 wakatoa matokeo kwamba paka kweli wanaelewa na wanajibu. Mi nilikua nafanya naona kama mjinga, siku ya 9 akanijibu, akafumba jicho kisha lingine, nkataka kupiga kelele nikajizuia.

Kingine kilichosaidia ni kijiko. Kijiko cha mbao cha mpini mrefu, nachovya kwenye chakula laini cha paka nakisogeza kwenye tundu la boksi. Siku za mwanzo fsss! anakifokea kijiko, anakipiga kofi, alafu analamba kofi lenyewe kwasababu limeshika chakula. Kila baada ya siku mbili tatu nashika mpini karibu zaidi na kichwa cha kijiko, sentimita chache tu, mpaka siku moja kijiko hakipo ni kidole changu. Ulimi wa paka ni msasa jamani. Alilamba, akagundua ni mtu, akarudi nyuma hatua moja, akafikiria, akarudi kulamba.

Haya, hayo ndo mazuri. Sasa niwaeleze nilivyoharibu.

Akiwa na wiki 13 nikaanza kumtafutia nyumba. Posti ya kwanza nilimpiga picha na flashi akiwa ndani ya boksi, macho yametoka kijani yanawaka kama jini, chini nkaandika maneno ya kuliza, sijui ametupwa, sijui hana mtu, nani atamhurumia. Watu walimhurumia kweli. Emoji za machozi zilijaa, wakashea, hakuna hata mmoja aliesema namchukua. Huruma inamfanya mtu abonyeze kitufe alafu aendelee na mambo yake.

Posti ya pili nikabadilisha. Nikangoja asinzie nikampiga picha nzuri ya mwanga wa dirishani, nkaandika "mpole, mtulivu, anapenda kubembelezwa". Mtulivu ndio. Kubembelezwa nilidanganya, au tuseme niliandika nilichokua natamani. Familia moja ikaja, watu wazuri tu, watoto wawili, siku waliyokuja Nukta alikua hajaamka vizuri akakubali kushikwa dakika moja, nkajisemea Mungu mkubwa. Alikua ameshafungwa kizazi wiki mbili nyuma na chanjo ya mwisho ameipata kwenye wiki 16, karatasi zote zipo, wakaondoka nae.

Siku ya tano napigiwa simu. Ni mama wa ile familia, anaongea kwa aibu, anasema samahani sana dada'angu, huyu paka tangu afike yuko nyuma ya friji, hali mchana, watoto wanalia wanafikiri anawachukia, juzi mdogo kaingiza mkono kumtoa kakwaruzwa. Wala hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Nikaenda kumchukua, ilibidi tusogeze friji watu wawili, na alivyoniona alinifokea kama siku ya kwanza kabisa. Yule mama akaniuliza, "Alikua hivi hivi kwako?" Nikasema hapana. Alafu nkasema ndio, kidogo. Alafu nikanyamaza.

Kumrudisha kwenye hali yake ilichukua zaidi ya wiki mbili, kijiko upya, mpini mrefu upya. Kipindi hicho pia niliomba kituoni wanipe na mwenzake, kulikua na dume moja la rangi ya chungwa lenye fujo lisiloogopa kitu chochote duniani, nikawaweka pamoja baada ya kukaa siku kadhaa wananusana kupitia mlango. Hii nawaambia mfanye mapema msisubiri kama mimi. Paka muoga anajifunza kwa paka mwenzake haraka kuliko kwako. Lile dume linakuja linanipanda mapajani linakoroma kama injini, Nukta anachungulia kwenye tundu la boksi anaona mwenzake hajaliwa, kesho yake anasogea hatua mbili.

Posti ya tatu nikaandika ukweli mtupu, kwa hasira kidogo nakumbuka, hasira na nafsi yangu. Niliandika hivi:

"Nukta, jike, wiki 19. Anaogopa watu. Hapakatiki, usijaribu. Mgeni akiingia anaenda chini ya kabati, ukimfata anaenda ndani zaidi. Anakula vizuri, choo hakosei hata siku moja. Usiku nyumba ikitulia anatoka anacheza na kamba mpaka anahema. Ukikaa chini kimya kama nusu saa hivi atakuja kunusa vidole vyako vya miguu. Alishachukuliwa mara moja akarudishwa, kosa lilikua langu sikusema haya. Anatafutiwa mtu asie na haraka."

Na sikuweka picha, niliweka video ya sekunde 20, usiku, taa hafifu, kamba inaburuzwa sakafuni, unaona mkono mmoja wa kijivu unatoka chini ya kabati unaikwapua kamba unarudi nayo ndani. Uso hauonekani kabisa. Rafiki yangu akaniambia sasa nani atamchukua paka wa mkono mmoja.

Waliojibu walikua sita. Sita tu. Lakini safari hii walikua wanauliza maswali, na maswali ndo yanakuonesha mtu. Mmoja alitaka zawadi ya besdei ya mtoto, nikamwambia hapana kwa upole. Mwingine alitaka wa kukaa nje akamate panya, huyo nae hapana, paka muoga ukimwachia nje mahali asipopajua siku ya kwanza haumwoni tena. Mmoja alitaka kuja kumchukua siku hiyohiyo, nikamwambia kwanza uje umwone mara mbili tatu, akapotea. Nikikumbuka kwamba mwezi mmoja nyuma ningempa yeyote kati ya hao naogopa.

Wa sita aliandika meseji ya maneno machache: "Mimi ni fundi saa. Nafanyia kazi nyumbani. Nyumba ina kimya. Je inafaa?"

Akaja. Mzee wa makamo, mpole, nkampa shikamoo akaitikia kwa sauti ya chini kama anaogopa kumwamsha mtu. Nikaanza maelezo yangu marefu, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Binti, mimi kazi yangu ni kukaa." Akavua viatu, akaingia stoo, akakaa sakafuni ameligeuzia mgongo boksi, akafungua gazeti. Lile dume likamvamia, akaliacha. Saa nzima. Nukta hakutoka hata masharubu. Nikaona aibu nikamwambia mzee pole leo hajatoka, akasema si ulishaandika hivyo?

Kwenye mlango akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alieniuliza: akija tena avae shati lilelile? Nikamwambia ndio tena bora, Nukta azoee harufu yake, na kama ana kitambaa aniachie. Akaniachia leso yake, nkaitandika ndani ya boksi. Usiku Nukta aliikwepa, usiku wa pili aliikalia.

Mara ya tatu ndo ikatokea. Nilikua nimekaa koridoni nachungulia kwenye upenyo wa mlango. Mzee yuko vilevile na gazeti, Nukta akatoa kichwa, akarudi, akatoka mzima mwili umelala chini kama anatambaa chini ya waya, akaenda mpaka kwenye kisigino cha mzee. Akanusa. Mzee alijua, nilimwona mabega yalivyokaza, lakini hakugeuka. Nikagundua kitambo kirefu alikua hajafungua ukurasa mwingine, anasoma ukurasa uleule ili karatasi isipige kelele. Hapo nilishaamua, kuja mara ya nne ilikua heshima tu.

Aliondoka nae akiwa na wiki 23. Nilimpa boksi lake lilelile bovu, leso, kimfuko cha mchanga wa choo alioutumia ili choo kipya kinuke kama cha zamani, na karatasi ya maelekezo: chumba kimoja kwanza, madirisha yawe na nyavu, mlango wa nje usiachwe wazi, usimfate, usimtoe, mpe muda, na kama atapitisha siku nzima bila kula chochote nipigie simu saa yoyote maana paka hatakiwi kukaa na njaa. Dume nilimwomba amchukue pia. Akacheka, akasema mmoja kwanza, na mimi nijifunze. Dume lilipata nyumba yake ndani ya siku nne bila hata posti, wale wa hivo hawana shida.

Usiku wa kwanza hakula, asubuhi yake akala. Meseji za mzee zilikua za mstari mmoja mmoja. "Yuko nyuma ya kabati, salama." Siku ya 12, "Katoka saa nane usiku." Wiki ya tano, "Kaiba kibano changu."

Baada ya miezi miwili nikaenda kumsalimia. Nilijiandaa kabisa, nimebeba na ile kamba yake. Nafungua mlango namwona Nukta juu ya meza ya kazi, kanenepa, kalala katikati ya saa zilizofunguliwa kama yeye ndo mwenye duka. Nikamwita jina. Akaniangalia, fsss, akaruka akazama chini ya kabati. Mi nae nikainama nikaanza kumwita nikinyoosha mkono, mzee akanigusa bega.

"Usimfate," akasema. "Kaa chini, usimwangalie."

Alafu akanipa gazeti.