Matundu Matatu

Asubuhi hii, hapa Ngamiani, mjukuu kafunua sufuria ya uji, miwani ikamjaa ukungu, akabaki anapapasa upawa. Nikaikumbuka ile lenzi ya kamera ya upasuaji, siku ile nikiwa sista chumba cha upasuaji.

Mgonjwa alikuwa mvuvi wa upande wa Pangani. Endoskopi, kamera ya kupitia kinywani, ilishaonyesha kidonda kwenye mfuko wa chakula, na kinyama kilichopelekwa maabara kilirudi na jibu la saratani. Sitiskani, ile picha ya mionzi, haikuona kitu sehemu nyingine. Lakini punje za milimita mbili tatu kwenye utando wa ndani ya tumbo huipita sitiskani, ndiyo maana huchunguliwa kwanza kwa kamera inayopitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo, kabla ya kuamua kuutoa mfuko.

Tundu la kwanza kitovuni. Gesi ya kaboni dioksaidi ikaingia taratibu, kulitunisha tumbo, hadi shinikizo la milimita 12 za zebaki. Hutumika hiyo kwa kuwa haishiki moto, na inayonywewa na damu hutoka kwa pumzi. Matundu mengine mawili, ya milimita 5, ubavuni.

Kamera ikaingia, skrini nyeupe tupu. Tumboni kuna joto la nyuzi 37 na unyevu. Lenzi iliyotoka kwenye kiyoyozi ni baridi, mvuke unaishika papo hapo. Maji ya chumvi ya moto yalikuwepo, ila yalimiminwa mapema mno kwenye bakuli la chuma, yakapoa. Tukamimina mengine kutoka kwenye chupa, ncha ikazamishwa, nikahesabu mpaka 60, nikaipangusa kwa shashi kavu, nikairudisha.

Ini likatokea, limenawiri. "Panda juu, chini ya kiwambo," daktari akasema. Pale, chini ya msuli unaotenga kifua na tumbo, palikuwa na weupe. Nikadhani ukungu tena. Nikaitoa kamera, nikaichovya, nikaipangusa, nikarudi palepale. Weupe haukuondoka. Zilikuwa punje, kama chenga za mchele zilizogandia utando.

Tukamwaga mililita 200 za maji ya chumvi, tukayavuta yaende maabara, kisha daktari akanyofoa punje tatu. Tukafunga. Siku chache baadaye jibu lilikuwa lilelile tulilolihofia. Mfuko haukutolewa, saratani ikishasambaa hivyo, kuutoa hakumwongezei mgonjwa siku, humchelewesha tu kuanza dawa.

Ila jioni ile ya upasuaji, mkewe alifunua shuka, akahesabu plasta.

"Matatu tu, sista. Na madogo hivi! Basi hata ugonjwa wenyewe mdogo, alhamdulillah."

Daktari alikuwa hajapita wodini. Nikamrudishia mgonjwa shuka, nikamwambia mama daktari anakuja. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kuvuta kiti nikae naye.